Nundu ya Orville

Orville Stuckey, jirani yangu, alifukia mashimo ya barabara yetu hapa Oklahoma kwa miaka thelathini na minane, na sikumbuki dereva hata mmoja aliyesimama kumwambia asante. Walimpigia honi tu. Kisha barabara mpya ikapita mbali na mji, hii ya zamani ikakosa magari, na chama cha kuhifadhi mambo ya kale kikafunga maili moja yake. Tukaambiwa sasa ni historia, tuipite kwa miguu.

Jumamosi nilimburuta Orville tukatembee na wageni. Marlene, mama wa chama anayewaongoza, alisimama penye nundu moja ya lami.

"Tazameni kazi ya waasisi," alisema. "Walifuata umbo la ardhi yenyewe."

Wageni wakapiga picha. Mmoja akalala kifudifudi aipate vizuri.

"Waasisi gani?" Orville akauliza. "Hiyo niliiweka mimi mwaka sabini na nne, na pombe ya jana ikiwa bado kichwani."

"Mzee, usiniharibie wageni," Marlene akamnong'oneza.

Orville akaendelea kutembea. Mbele kidogo kuna kipande cha barabara alichokiwekea lami upya kwa wiki tatu, jua la Agosti likimchoma kisogo. Mpaka leo hakina ufa, na mvua ikinyesha maji hayatuami. Alipokifikia alivua kofia, akanyoosha mgongo, akasubiri.

Marlene aliangalia saa yake.

"Hapa hamna kitu," akasema. "Twendeni."