Besi Niliyochongewa Kizota

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani ni mgumu kumwamini fundi mwenzake. Nalisema mapema ili anayesoma ajue naanzia wapi. Huenda seremala nitakayemweleza hapa alistahili mteja mwenye moyo mweupe kuliko wangu. Nitajaribu kumtendea haki, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na sina hakika kama haki huandikwa hivi.

Kwenye kwaya yetu hapa Chang'ombe mimi ndiye mpiga besi. Gitaa nililokuwa napigia ni la kanisa, zito kama mlango, na shingo yake inapenda kuangukia chini kama ng'ombe anayetaka kunywa maji. Ukilivaa, mkono wa kushoto unafanya kazi mbili, kulibeba na kulipiga. Nimelibeba miaka mingi bila neno. Kisha mkono ukaanza kufa ganzi. Wimbo wa kwanza na wa pili niko sawa. Tukifika wa tatu, vidole viwili vya mwisho havinijui. Nikawa naukung'uta mkono huku natabasamu, watu wakasema baba leo ameshukiwa na Roho. Sikuwasahihisha.

Siri hiyo niliificha kwa sababu moja. Alikuwa ameingia kwaya dada mmoja mtumishi wa serikali, wa wale waliohamia huku kwetu na ofisi zao kutoka Dar es Salaam. Akapangwa sauti ya pili. Siku yake ya kwanza, mazoezi yalipokwisha, alinijia akasema, "Shikamoo baba. Naweza kuligusa?"

"Marahaba. Liguse tu."

Akapiga kidogo, mwendo mmoja wa kupanda na kushuka. Hakujionyesha. Lakini nilimwona mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa anakunja karatasi zake, ameacha kukunja. Dada akanirudishia gitaa kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akasema, "Asante baba. Zito hili!"

Mimi nikalisikia hilo "zito hili" kama maneno ya mtu anayepima mzigo atakaoubeba kesho.

Nikaamua nitengeneze besi yangu mwenyewe, itakayoukaa mwili wangu, ili mkono upone kabla mtu hajagundua. Kupima mwili ndiyo kazi yangu. Nilichukua karatasi ya kaki ninayokatia pateni za suti, nikajibandika kifuani mbele ya kioo cha wateja, nikajichora. Upande wa mbavu nikakata bonde, gitaa lilale pale kama mtoto mgongoni. Pale mkono wa kulia unapopumzikia nikaandika "kona iondoke". Pembe ya juu nikairefusha, ili mkanda ushike mbali na shingo isianguke. Mke wangu alipita na beseni la nguo akanikuta nimevaa karatasi.

"Hilo koti gani halina mikono?"

"Gitaa."

"Haya. Ukimaliza unishonee na mimi sufuria."

Sauti pia niliifikiria, lakini humo sikuwa na pateni. Nilijua tu ninachokitaka. Besi ya kanisa inanguruma, huwezi kutofautisha noti na noti. Nilitaka besi inayosema maneno.

Seremala nilielekezwa Kizota. Anatengeneza vitanda na milango, na vikundi vya ngoma humjia kwa malimba, yale yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ni Mgogo, umri wetu mmoja. Nilimpelekea ubao wa mninga niliokuwa nimeutunza, mkavu, mwekundu, mzito. Nikampa na gitaa bovu nililonunua kwa mtu, ili atoe shingo, nyuzi na pikapu, ule mtego wa sumaku unaokamata sauti ya nyuzi. Mwili tu ndio uwe mpya.

Alipoiona pateni yangu aliigeuzageuza, akaniuliza kwa nini mbavu, kwa nini pembe. Nikajikuta namweleza yote, mpaka mkono. Kisha nikashtuka.

"Hilo la mkono ni la kwetu sisi wawili," nikamwambia. "Wa kwaya asilijue."

"Fundi mwenzangu," akasema, "hapa yanatengenezwa hata majeneza ya watu ambao hawajafa. Siri tunazo."

Badala ya kunituliza, jibu hilo lilinipa mashaka. Nikachukua chaki yangu ya kushonea, nikaweka alama ndogo nyuma ya ubao, asije akaubadilisha. Sijui kwa nini nilidhani chaki itaishinda randa.

Nikawa naenda kumtazama bila taarifa. Mara ya kwanza niliukuta ubao umekatwa kwa umbo langu, sawasawa kabisa, na moyo ukatulia. Mara ya pili gitaa limefunikwa gunia. Nikanyoosha mkono kulifunua, akanizuia.

"Bado. Liko uchi."

"Ni langu."

"Na mkeo ni wako. Utamfungulia mlango mtu akiwa anaoga?"

Mafundi wa pale walicheka, nami nikacheka, lakini nilirudi nyumbani na gunia lile kichwani. Mimi nikimfunika mteja nguo yake, mara nyingi ni kwa sababu bado sijaanza. Huyu alikuwa ameanza. Sasa anaficha nini?

Mara ya tatu ndiyo iliyoniharibu. Nilipita nyuma, penye milango iliyosimamishwa ikauke vanishi. Yeye alikuwa upande wa pili, amenipa mgongo, anaongea na simu.

"Ndiyo dada," alisema. "Nimeshamchongea. Hapana, hajui kitu. Akijua si atakuja hapa kugomba."

Nilisimama pale na harufu ya vanishi puani. Dada. Nimeshamchongea. Hajui kitu. Maneno yale hayakuhitaji darasa la nane. Alikuwa amenichongea, amepeleka siri ya mkono wangu kwa yule wa sauti ya pili, naye ataipeleka kwa mwalimu, na Jumapili moja nitakuta gitaa la kanisa liko begani kwa mtu mwingine na mimi naambiwa nipumzike, baba, umelitumikia kanisa. Niliondoka bila salamu.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Alisikiliza huku anachambua mchicha.

"Ulimsikia akitaja jina lako?"

"Hapana."

"Ulimsikia akitaja mkono?"

"Hapana. Lakini alisema amenichongea."

"Wewe umempeleka seremala ubao, ukamwambia akuchongee, halafu umekasirika amekuchongea?"

Nilimwambia hakuwepo, hakuisikia sauti ya mtu yule. Akasema ni kweli, hakuwepo. Huwa ananiachia neno la mwisho pale anapojua halitanisaidia.

Siku ya kuchukua kazi nilienda nimejiandaa kwa ugomvi. Gitaa lilikuwa juu ya meza, wazi. Nitasema kweli, lilikuwa zuri. Bonde la mbavu lilikuwa palepale nilipolichora, na kona imeondoka. Nikaliinua. Nikajua hapohapo kwamba nimeibiwa. Ubao wangu nilikuwa nimeubeba mwenyewe kutoka nyumbani, bega langu liliujua uzito wake, na huu haukuwa uzito ule. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukajibu kama debe.

"Fundi," nikasema, "mninga wangu naona umepungua mwili."

"Nao ulifunga Kwaresima," akasema.

"Mimi sitanii."

Akaona kweli sitanii. Akainama chini ya meza akatoa vipande vya mninga, vyekundu vilevile, mishipa yake ileile. Akanieleza. Aliupasua mwili wa gitaa kama mkate, akaukomba ndani pande zote mbili, akaacha mfupa katikati wa kushikia shingo na pikapu, kisha akaufunika kwa gundi. Ndiyo maana ya gunia.

"Umenitobolea ubao bila kuniuliza."

"Limba lisilo na tumbo halisemi," alisema. "Wewe ulitaka lisiwe zito na liseme. Nimefanya yote mawili mahali pamoja."

"Na vipande?"

Hapo alinitazama vizuri. Nikaona kipande kimoja kimeshakuwa ubavu wa limba kwenye rafu yake.

"Kitambaa kikibaki kwenye suti," akaniuliza, "unamrudishia mteja?"

Kipande ni cha fundi. Hiyo ni desturi, nimeikuta na nitaiacha, na sikuweza kuwa nayo Chang'ombe halafu niikatae Kizota. Lakini la pili lilikuwa bado.

"Nilikusikia kwenye simu. Ulisema umenichongea."

"Ndiyo. Si ndiyo kazi uliyonipa?"

"Kwa nani?"

"Kwa nani nini?"

"Umenichongea kwa nani!"

Midomo yake ilitafuta, kisha akaelewa. Aliweka msasa chini akacheka mpaka jirani yake wa vitanda akaja kuuliza kuna nini. "Mimi nachonga kwa patasi," alisema akifuta macho. "Kwa mdomo wanachonga wenye nafasi."

Nami ningecheka, kama si neno moja lililobaki. "Na dada ni nani?"

Kicheko kikaisha. Akaona aibu kidogo, na kwa haki yake hakunidanganya. Dada mtumishi alikuja pale mwenyewe. Mazoezini nilikuwa nimejisifu kwamba natengenezewa besi Kizota, naye akauliza akafika. Alimwambia fundi kwamba amekuwa akinitazama ninavyoukung'uta mkono, kwamba mwenyewe aliwahi kupata ganzi hiyohiyo, na kwamba kuna besi zinakombwa ndani ili bega lipone. Fundi akasema hilo analijua, ni limba tu hilo. Wakakubaliana.

"Mbona mkanificha?"

"Alisema ukijua wazo limetoka kwake utakataa."

Ningekataa. Hilo nalikiri bila kusukumwa. Lakini njia nzima ya kurudi, gitaa limelala mapajani, nilikuwa najiuliza mtu anayekuponya kwa siri anataka nini. Kama anajua ugonjwa wako, anajua pia siku utakayoshindwa. Na kama besi ni nyepesi, hata yeye ataiweza. Niliipima ile huruma yake kama kitambaa cha dukani, kwenye mwanga, nikitafuta uzi uliokatika.

Jumamosi nililipeleka mazoezini. Mkanda niliushona mwenyewe kwa turubai, wenye matundu kama mkanda wa suruali, nikaufunga kwa urefu wangu wa siku zote, gitaa likae chini, kiunoni, kama nilivyozoea. Nilipiga wimbo mmoja. Mwalimu wa kwaya akainua mkono.

"Wewe ndiye mwenye gitaa, lakini ukiwa umelivaa huisikii sauti yake. Nenda benchi la nyuma ukasikilize. Dada, njoo umshikie."

Mwalimu alikuwa sahihi. Aliyevaa suti haoni mgongo wake. Lakini ilibidi nilivue gitaa mimi mwenyewe na kulitia mikononi mwa yule ambaye nililichongesha ili asichukue nafasi yangu. Alilipokea kwa mikono miwili, akavuta mkanda juu matundu mawili, likampanda kifuani. Nikaenda nyuma karibu na mlango, nikakaa.

Kwanza nilisikiliza kasoro. Uzi wa pili ulikuwa na mlio mdogo wa nyuki, na lazima niuandike. Baadaye nikaacha kutafuta. Kila noti ilifika peke yake, ya mviringo, kisha inayofuata, kama mtu anayekuhesabia machungwa mkononi. Sauti ya tatu, ambayo kila wiki inapotea kwenye kiitikio, haikupotea. Ilikuwa na mahali pa kuegemea. Nilikuwa nimeitaka sauti ile kabla sijajua kuichora, na nilikuwa naisikia kwa vidole vya mwingine.

Wimbo ukaisha. Mwalimu akauliza, akilitazama gitaa, hakumtazama mtu, "Sasa kesho nani anapiga?"

Nilikuwa nimeanza kusimama na sikujua nasimama kusema nini. Dada akauvua mkanda.

"Hili halinikai, mwalimu," akasema. "Limekatwa kwa mwili wa baba."

Akanifuata mpaka katikati ya kanisa akanipa, akarudi sauti ya pili.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Mimi nimevalisha watu maisha yangu yote. Nguo isiyomkaa mtu husema begani kwanza, kisha kwapani, na nilimtazama wimbo mzima, kwa jicho la kazi. Bega lake lilikuwa kimya. Bonde la mbavu lilimkaa. Gitaa lile lilimkaa. Kwa hiyo alidanganya kanisani, na mimi ndiye pekee mle ndani niliyeweza kujua. Nikatafuta usoni mwake hila imejificha wapi. Sikuiona. Kutoiona si kusema haipo.

"Besi, anza!" mwalimu akapaza.

Sikupata nafasi ya kuurudisha mkanda chini. Nikalivaa hivyohivyo alivyoliacha, juu kifuani, najiona kama mtoto aliyefungwa bibu la kulia uji, nikapiga. Ukaisha wimbo wa kwanza, na wa pili. Kwenye wa tatu nikasubiri vidole vinikane. Vilikuwepo. Kwenye wa nne vilikuwepo, na sikuwa nimekung'uta mkono hata mara moja.

Tangu hapo nimepiga mimi, na kila anayeniuliza namwambia besi ilichongwa Kizota na fundi hodari, mwizi wa vipande kama mimi. La mkanda, kwamba huenda ndio uliouponya mkono, simwambii mtu. Uko kwenye tundu lile lile alilouacha yeye, sijaugusa. Jumapili iliyopita, tukijipanga, nilimwona amekaza macho kwenye tundu hilo, kisha akainamia kitabu cha nyimbo haraka, kama mtu aliyeona kitu akakipenda.

Nashuku anajua.