Mama Aliita, Nikadhani ni Gemu

Nilikosa. Sitazunguka, wala sitamsingizia shetani. Nilikosa mimi, na nyumbani kwetu hakuna anayejua.

Tunaishi Lanet, hapa Nakuru. Mwezi wa saba baridi ya huku huingia hadi mifupani, na mama alikuwa na mazoea ya kina mama wengi: jiko la makaa linawashiwa nje, moshi ukiisha linaingizwa chumbani lilete joto. Kulibeba ilikuwa kazi yangu kwa sababu mgongo ulimsumbua.

Jumapili hiyo tulitoka kanisani tukinyeshewa, tukamwacha baba kwa mkutano wa wazee wa kanisa. Nikaliingiza jiko. Mama akafunga dirisha, akajifunika blanketi.

"Nikikuita uje utoe hii jiko," akaniambia. "Usinisahau na hiyo gemu yako."

"Siwezi sahau, mathe."

Nilikuwa na hedifoni mpya za gemu, zile za sauti ya pande zote. Jamani! Adui akikanyaga majani nyuma yako, unamsikia nyuma. Mvua ya kwenye gemu unaisikia utosini. Nilikaa sebuleni, nikaupa mlango wa mama mgongo, nikaanza kucheza kwa mtandao na rafiki yangu wa Naivasha.

Katikati ya mchezo nikasikia sauti ya mwanamke. Nyuma yangu, upande wa kulia, ya chini sana. Maneno sikuyashika. Nikamgeuza mtu wangu kwenye skrini aangalie nyuma. Hakukuwa na mtu. Ikaita tena. Nikamgeuza tena!

"Boss, hizi hedifoni ni noma," nikamwambia rafiki yangu. "Ni kama kuna mtu ndani ya nyumba!"

Tukacheka. Mungu wangu, nilicheka! Mimi mwenyewe sikupindua shingo hata kidogo.

Nilipomaliza kucheza ndipo nikakumbuka jiko. Mama alikuwa sakafuni karibu na mlango, mkono ameunyoosha. Nilimwita, nikamtikisa, hakuitika. Nikamwinua, nikamrudisha kitandani, nikamfunika vizuri, nikafungua dirisha. Ndipo nikapiga nduru. Mbona nilimrudisha kitandani kwanza? Nimejiuliza sana, na jibu ninalijua.

Hospitalini walisema ni hewa ya makaa, na kwamba alikuwa ameshatuacha. Baba alipofika aliniuliza swali moja tu.

"Alikuita?"

"Hapana, baba. Alikuwa amelala tu."

Aliketi chini akalia, lakini niliona amepata nafuu fulani.

Hedifoni nilizitupa na gemu sijaigusa tena. Haijasaidia! Nikiwa peke yangu sebuleni, nyuma yangu upande wa kulia, naisikia ile sauti. Siku hizi hugeuka kila mara, hata nikiwa na wageni, na wao huniuliza natafuta nini.

Nyinyi mnaocheza, nawasihi: usizibe masikio yote mawili ukiwa na mtu nyumbani. Ukisikia kitu, vua, inuka, nenda ukaangalie! Na kina mama, tafadhali, jiko lisilale nanyi chumbani.

Kuhusu ule uwongo sina ushauri wa kumpa mtu. Kila jioni baba akiombea chakula humshukuru Mungu kwamba mama alienda usingizini, bila kuhangaika, bila kumwita mtu. Halafu hunyamaza, akinisubiri niseme amina. Nami husema.