Gari la Kija

Harufu ya plastiki mpya inanikera mpaka leo. Juzi nilipita duka moja mjini Bariadi, magari ya watoto yamepangwa barazani, na harufu ile ikanirudisha moja kwa moja sebuleni kwetu, mwaka nilioanza darasa la kwanza.

Gari letu lililetwa na watu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, kwa ajili ya dada yangu Kija. Kija hakutembea wala kusema, na vidole vyake vilikakamaa, basi walilifungia kitufe chekundu kikubwa kama kisahani. Ukikigusa kwa kiganja tu, gari linakwenda. Siku ile ile Kija akaenda mwenyewe hadi karibu na zizi la ng'ombe, anacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. Hapo magurudumu yakazama mchangani. Baba akamtoa Kija, akalibeba gari, akalifuta vumbi kwa shati lake.

"Likifa hili, spea tutaitoa wapi?" alimwambia mama. "Liingie ndani."

Mnajua kwetu kitu cha thamani kinavyotunzwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, makochi yana vyao, na gari nalo mama akalifumia cheupe chenye maua. Likakaa kona ya sebule. Wakija wageni, kitambaa kinatolewa, Kija anakalishwa, anabonyeza, anatoka kwenye kochi hadi mlangoni, watu wanapiga makofi. Wakiaga, anarudishwa kwenye mkeka, gari linafunikwa.

Muda mrefu ulipita kabla mmoja wa wale watu wa mazoezi, mwanamke, hajarudi. Alilipindua gari, akayatazama magurudumu. Hayakuwa na hata mkwaruzo.

"Tumelitunza, dada," mama alisema, kwa fahari kabisa.

Yule mgeni akajaribu kumkalisha Kija. Miguu ilikuwa imerefuka, magoti hayakuingia tena. Hakutulaumu, aliomba tu gari apewe mtoto mwingine, wa Lamadi.

Wazazi wangu walimpenda Kija, na bado nina hasira nao. Enzi zile nilikuwa namtania kwamba anapenda wageni kuliko sisi, maana walipoaga tu alilia mpaka sauti ikakauka, na mama akawa anambembeleza, "Nyamaza, shangazi atarudi." Nilishakuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba Kija hakuwahi kumlilia shangazi hata siku moja.