Sabra na Matairi ya Meno

"Tairi kibogoyo hili ndilo unalonipa niendee msibani? Halina hata jino moja! Njia yote ya Kitaya niitafune kwa ufizi?"

Sabra alikuwa amesimama mvuani, kanga ya pili kaifunga kichwani, anamfokea Filipo, fundi baiskeli wa Ziwani. Alikuja kujaza upepo tu. Filipo, badala ya kushika pampu, akachomoa kwenye paa la kibanda tairi kuukuu, jembamba, lililolika mpaka linang'aa kama sahani iliyolambwa.

"Bibi yako hakuwa na jino," Filipo akasema, "na mihogo alikula mpaka siku anakufa."

"Alikufa ameshiba. Wa kwenu ndio wanakufa na mkia wa panya mdomoni. Nipe pampu!"

Waliojibanza kibarazani wakikwepa mvua wakacheka. Mgeni angeshangaa watu wanamchekaje mwanamke aliyefiwa alfajiri hiyo hiyo. Lakini Sabra ni Mmakonde, Filipo ni Mmakua wa kuja, wa Masasi huko, na makabila hayo yanataniana tangu mababu. Mtani haji kwako na pole. Msibani kazi yake ni kukuchokoza mpaka usahau kulia, na asipokuchokoza watu watauliza mmegombana nini.

Simu ilimkuta anatawadha. Dada yake Rehema wa Kitaya, aliyekuwa anaumwa tumbo na kila akiulizwa anasema kidogo tu, amekata roho. Maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Sabra hakulia. Alisema, "Mwambieni shemeji mtu asimtie maji mpaka nifike," akakata simu, akatoa baiskeli.

Hilo la maji halikuwa neno la kutupa. Wazazi waliwaacha wadogo, na Rehema ndiye aliyembeba Sabra mgongoni, akamchezesha unyago, akamwoza. Mgongo wenyewe uliombeba ulikuwa na kovu la moto kutoka begani mpaka kiunoni, tangu siku moto wa kuchoma shamba ulipowazunguka. Rehema hakuvua nguo mbele ya mwanamke yeyote, hata mtoni alioga na kanga. Wakapatana wenyewe kwa wenyewe: atakayetangulia, mwenzake ndiye atamwosha. "Sitaki kuoshwa na watu watakaokwenda kunisimulia kisimani," Rehema alisema. Sabra akaapa.

Magari ya Kitaya mvua ikishanyesha hayaendi, na bodaboda aliposikia jina la Kitaya alicheka tu, akajifunika turubai. Ikabaki baiskeli.

Sabra na baiskeli, hiyo nayo ni hadithi. Mumewe alipokufa aliacha baiskeli ya gia, na ndugu wakaja wanaizunguka kama kunguru. Sabra akasema haiuzwi. Akaenda kujifunza kwenye mikorosho, mtu mzima, anaanguka na gauni linamfunika uso, vijana wanashangilia. Alipokwisha kuchubuka magoti yote mawili, akawa anajua. Tangu hapo anapeleka korosho za kukaanga Shangani, ufukweni, jioni watu wanapotoka kupunga upepo, anarudi na hela ya unga. Ni mwanamke wa kujitegemea, na mdomo wake unajitegemea vilevile.

Matairi aliyatoa huko huko Shangani, kwa Elisha wa bandarini, aliyenunua baiskeli ya milimani apunguze kitambi, kitambi kikamshinda. Matairi mapana, meno kama taya la mamba. Na kweli yalimtumikia. Mchanga wa kwenye mikorosho, unaomeza tairi jembamba mpaka rimu, yale ukipunguza upepo kidogo yanapita juu yake. Kokoto za mteremkoni yanaziuma, hayatelezi. Sabra alikuwa anawapita wanaume wanakokota za kwao, anawapigia kengele makusudi.

Ndiyo hayo Filipo alitaka ayavue.

"Nisikilize, mtani," Filipo alisema, amechuchumaa na spana mkononi. "Mchangani weka pana. Kokotoni weka meno. Lakini bonde la Kitaya likishakunywa mvua ni udongo mweusi, ule wa kufinyangia vyungu. Meno yako yataubeba wote, utajaa pale tairi linapopita kwenye fremu, gurudumu litagoma. Kule unapita na jembamba, kipara, na madigadi unang'oa. Kibogoyo habebi kitu mdomoni."

"Na mchangani nipite na nini, mbawa?"

"Mchangani utashuka ukokote. Mchanga unachelewesha tu. Udongo unafunga."

"Unataka unitwishe takataka zako unidai."

"Sikudai. Bure. Haki ya Mungu, Sabra, nakwambia kweli."

Hapo ndipo alipoharibu. Haki ya Mungu! Rajabu iliyopita Filipo huyu huyu aliapa hivyo hivyo, na machozi ya uongo juu, kwamba mfuko wa korosho umetoboka na korosho zimemwagika njia nzima. Sabra akarudi ameinama, anapekua majani, mpaka kiuno kikamuuma. Kumbe mfuko kaushusha mwenyewe Filipo, kauficha nyuma ya kibanda, na amekwishaonja. Kiapo cha mtani ni kiapo?

"Tena kabla hujaondoka," Filipo akaongeza, maana mdomo wake nao haukujua kunyamaza, "jogoo wangu utanilipa lini?"

Wa kibarazani wakacheka tena. Jogoo huyo walimjua wote. Siku ya kumzika mume wa Sabra, Filipo alilala chali njiani mbele ya jeneza, akasema marehemu hapiti mpaka mtani apewe jogoo. Waliobeba wakaahidi kwa niaba ya mjane, akaamka, jeneza likapita. Tangu hapo kila akimjazia upepo anasema, "Upepo huu unadaiwa jogoo." Sabra hakukosa jogoo wa kulipa. Ila deni la mtani ukililipa upesi, atakutukania nini tena?

"Jogoo atakulipa marehemu, mfuate!" Sabra akanyakua pampu, akajaza mwenyewe, akapanda.

Filipo akasimama mvuani na lile tairi mkononi. "Basi libebe kwenye keria! Sabra! Libebe tu!"

"Livae shingoni!"

Wakacheka mpaka akapotea kwenye kona. Filipo peke yake hakucheka, na Sabra alimwona.

Mikoroshoni alikwenda kama ameitwa. Mvua ilikuwa imeshindilia mchanga, umekaza kama sakafu iliyomwagiwa maji. Katikati ya njia likamjia wazo kwamba hapa hata kibogoyo cha Filipo kingepita, asingehitaji kushuka wala kukokota. Akalifukuza wazo hilo kwa kukanyaga zaidi. Kokotoni nako meno yakauma. Akashuka mteremko akisema kimoyomoyo, nakuja, dada, nakuja, wasikutie maji.

Kisha akaingia bondeni.

Mara ya kwanza gurudumu lilipogoma alidhani breki imebana. Akashuka, akaona udongo mweusi umejaa kati ya meno, umepanda kwenye madigadi, umejikaza kama mtu aliyefinyanga kwa mkono. Akachokonoa kwa kijiti. Akapanda, akaenda kidogo, likagoma. Akachokonoa kwa vidole. Likagoma. Akang'oa madigadi kwa kuyavunja, akayatupa majini. Tairi la nyuma likaanza kubeba mpaka majani. Akaibeba baiskeli begani, nayo kwa udongo imekuwa nzito kama maiti, akaanguka nayo, akaamka nayo.

Angeiacha mapema angewahi. Lakini baiskeli ile ndiyo unga na sabuni, na kila mara aliona kwamba pale mbele, penye yale matete, udongo unakwisha. Haukuisha. Alipoisukumiza kwenye matete na kukimbia kwa miguu, viatu vimebaki nyuma, mwito wa adhuhuri ulikuwa umekwishasikika zamani kutoka ng'ambo ya mashamba ya mpunga.

Karibu na kijiji alikutana na wanaume wanarudi. Majembe mabegani, kanzu zimepandishwa magotini. Wanne walikuwa wamebeba jeneza, na walilibeba kwa mkono mmoja mmoja, halina uzito.

Jafari, mume wa Rehema, akatoka kwenye kundi. "Shemeji."

Sabra akalitazama jeneza.

"Tulikungoja," Jafari akasema. "Na sala tuliichelewesha. Kaburi likawa linaingia maji. Tunakomba, linajaa. Ningekungoja zaidi, ningemzika majini."

"Nani kamwosha?"

"Majirani. Wamemwosha vizuri."

"Nani kashika mgongo?"

Jafari akainamisha kichwa. "Mimi sikuwemo ndani, shemeji."

Pale msibani wanawake walimpokea, wakamkalisha kwenye kinu kilicholazwa, wakaleta maji wamtoe udongo miguuni. Walikuwa watu wema. Mmoja wao, mikono bado inanuka karafuu maiti, akamsugua kisigino taratibu, akasema kwa huruma yote, "Masikini Rehema. Miaka yote tunaishi naye, kumbe alikuwa na kovu lile mgongoni, wala hatukujua."

Mwenzake akaitikia, "Kubwa jamani. Mpaka huku." Na akajigusa kiunoni kuonyesha.

Sabra akatazama miguu yake inavyotakata. Hata kuwatukana alishindwa, na hilo tangu azaliwe halijamtokea. Usiku walipolia wenzake yeye alikaa macho makavu. Alikuwa na neno moja tu, nalo hakumwambia mtu: aliambiwa. Aliambiwa kwa kiapo, akapewa bure, akajibu livae shingoni.

Matanga yalipoanuliwa Jafari alimgawia vya dada yake, kanga mbili na jogoo mwekundu aliyekuwa analala chini ya kitanda cha Rehema. Sabra akamfunga miguu. Akaikuta baiskeli kwenye matete kama alivyoiacha. Jua lilikuwa limewaka, udongo umekauka juu ya matairi, ugumu wake ni wa chungu kilichochomwa. Akaugonga kwa jiwe ukapasuka vipande vipande, na ndani yake meno yalikuwa mazima kabisa, makali kama siku aliyoyanunua. Akakokota mpaka nyumbani. Hakupanda, hata mchangani.

Ziwani walimwona anakuja, wakajisogeza kibarazani wapate pa kusikilizia. Filipo alikuwa anatafuta pancha, amezamisha tyubu kwenye beseni la maji. Lile tairi kipara lilikuwa limetundikwa kwenye msumari mlangoni, si darini tena.

Sabra akamweka jogoo mbele yake.

"Deni lako."

Filipo akamtazama jogoo, akamtazama Sabra. Akatoa mikono majini, akaifuta kwenye suruali.

"Uliwahi?"

"Sikuwahi."

Sabra akasimama hapo hapo, ameshika usukani, anangoja. Aseme basi. Aseme jogoo amekonda kama Mmakonde, aseme anadai na riba ya mayai, aseme si nilikwambia, mla mihogo wewe. Angetukanwa siku hiyo angepumua.

Filipo akamfungua jogoo kamba miguuni, taratibu, kama anayeogopa kumuumiza.

"Jogoo mzuri," akasema. "Ahsante."

Sabra akangoja tena kidogo. Jogoo akapiga hatua mbili, akanyoosha shingo, akanywa maji ya beseni la pancha.