Blenda Chumbani kwa Bibi

Jamani, kuna aibu ya kuteleza mbele za watu, unainuka, unajipangusa, mnacheka, yanaisha, na kuna aibu kama hii yangu ya kijijini kwetu Nambis, ambayo mpaka leo nikimwona katekista wetu anakuja njiani naingia shambani kujifanya nakagua mahindi (ya watu, wala si yetu).

Bibi yangu, mama mzazi wa Baba, alikuwa amefariki, na baada ya mazishi Baba alikifunga chumba chake, ufunguo akautundika nyuma ya picha ya Yesu sebuleni, akasema asiingie mtu. Hakueleza kwa nini. Tulichojua ni kwamba Bibi alikata roho akiwa peke yake ndani, Baba akiwa mnadani Dongobesh, na habari hiyo hakutaka mtu aiguse.

Wiki kadhaa baadaye ndugu wakaja kwa ibada ya kumaliza msiba. Shangazi Martina, dada yake Baba, alifika kutoka Gitting siku moja kabla, na alinitia huruma sana, maana daktari alikuwa amemkataza maziwa, siagi na sukari, sasa kwenye nyumba yetu ambayo chai bila maziwa ni kama adhabu, yeye alikuwa anakunywa chai ya rangi huku anatazama vikombe vya wenzake. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza kozi ya lishe, kichwa kimejaa elimu, na nilikuwa na blenda mpya. Siku ya ibada nikajisemea, leo Shangazi atakunywa chokoleti. Ndizi mbivu, parachichi, tende, karanga zilizolala kwenye maji usiku kucha, na unga wa kokoa, basi, hakuna tone la maziwa wala punje ya sukari.

Shida ilikuwa soketi. Jiko letu liko nje, ni la kuni, na soketi ya sebuleni ilikuwa imejaa simu za ndugu waliotangulia. Iliyobaki ilikuwa chumbani kwa Bibi, pale alipokuwa anachomeka redio yake. Nikasema dakika tano tu, nani atajua? Nikachukua ufunguo.

Chumba kilikuwa na baridi ya peke yake. Ilikuwa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani, mwanga wote wa kijivu, kitanda kimetandikwa, na viatu vya Bibi viko chini yake vimeelekea mlangoni kama mtu anayetaka kutoka. Sikuvitazama mara mbili. Nikawasha blenda, ikazunguka kidogo, umeme ukakatika. Nikafunua kifuniko, nikakoroga kwa kijiko, nikaonja (tamu kweli!), mara namsikia Baba, "Neema! Wageni wamefika, njoo usalimie!"

Nikatoka mbio. Kijiko nimekiacha ndani ya blenda, kifuniko mezani, swichi sikuigusa kabisa. Nikafunga mlango, ufunguo mfukoni, nikaanza shikamoo za mstari mzima, kuanzia wazee mpaka wamama wa jumuiya.

Ibada ikaanza kwenye kagiza ka ukungu, umeme haujarudi. Katekista, mzee mwenye sauti ya taratibu, alisoma, akaomba, halafu akasema, "Sasa tunyamaze kidogo, kila mtu amkumbuke mama yetu moyoni mwake." Tukanyamaza. Nje hata ng'ombe hakulia.

Ghafla taa ikawaka, na chumbani kwa Bibi kitu kikanguruma.

Kikanguruma kwa hasira, na juu ya ule mngurumo kukawa na kugonga, ko-ko-ko-ko-ko, kama mtu aliyefungiwa anataka kufunguliwa. Mama mmoja alipiga yowe. Mtu akapindua benchi. Shangazi Martina alinishika mkono, kucha zikaingia. Katekista akasimama, Biblia imeinuliwa, akauliza kwa sauti inayotetemeka, "Wewe uliye humo ndani, unataka nini?"

Na mimi nilijua. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, si kwenye blenda. Nilijua ni kijiko, nilijua ni swichi, ningesema neno moja watu wangecheka mpaka jioni, lakini nikauwaza ufunguo mfukoni mwangu, na uso wa Baba, na wazee wote wale, mdomo ukagoma. Nikajiambia itazima tu. Haikuzima.

Baba akapiga magoti mbele ya ule mlango.

"Mama," akasema, "nisamehe. Sikwenda mnadani. Nilikuwa zizini nakamua, nikakusikia unaniita. Nikasema nimalize kwanza. Uliita mara tatu, Mama. Nilipokuja ulikuwa umeshanyamaza."

Blenda ikazima.

Baba alilia mbele za watu wote, mtu ambaye sikuwahi kumwona akifuta jicho, na mimi nikajikuta nimetoa ufunguo, nasema, "Baba, ni blenda. Ni blenda yangu. Nilikuwa namtengenezea Shangazi chokoleti." Nikafungua. Ukuta, shuka, dari, kila mahali matone ya kahawia mazito yanachuruzika, na wamama wa nyuma wakapiga yowe tena, wakidhani ni damu, mpaka katekista alipogusa ukutani kwa kidole, akanusa, akalamba.

"Ni kokoa," akasema. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza, "Ni nzuri. Lakini imekosa maziwa."

Hakucheka mtu. Nilisubiri kofi. Baba aliingia, akasimama kwenye kile chumba kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Shangazi akamfuata na kitambaa, wakaanza kufuta ukuta wenyewe, bila kuniangalia. Nikamsikia Shangazi anasema polepole, "Kaka, ungeniambia tu. Umebeba haya yote peke yako kwa nini?" Baba akasogea, akaendelea kufuta karibu naye, bega kwa bega.

Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili: sigusi cha mtu bila kuomba, na nikiwa na neno la kumwokoa mwenzangu aibu nalisema hapohapo, hata kama litanivua nguo mimi. Blenda niliipeleka kwa fundi mjini Mbulu, akaifungua, akasema ni nzima, labda ilipata joto ikajizima. Labda. Mimi sijabishana naye. Ila jioni ile, wageni wakiwa wameshaondoka, Baba alinikuta jikoni, akasimama mlangoni.

"Neema," akaniuliza, "taa ya sebuleni ilikuwa bado inawaka, si ndiyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi ile mashine nani aliizima?"