Unga wa Chui wa Bibi Koleta

Kijiji kizima cha Mamba kilijua kwamba unga wa Bibi Koleta ulitoka kwa chui. Babu yake, eti, alimkuta chui msituni Shengena analia jino, akaling'oa, na chui kwa shukrani akamwonyesha mzizi wa kutuliza maumivu. Siku za kawaida chui alikuwa mmoja. Wakati wa mavuno ya tangawizi, watu wakijaa, chui walifika saba, na mdogo wao alimwamkia babu shikamoo.

Unga ulikaa kwenye pembe ya mbuzi. Aliyevunjika mlimani hakupandishwa machela kabla Bibi hajafika. Alimfunga mguu kwa magome ya mgomba na kanga, akamlambisha unga, akamsimulia chui mpaka machozi yakakauka.

Ukweli aliujua peke yake. Zamani mumewe aliporomoka mtini, akateremshwa analia njia nzima, naye Koleta hakuwa na cha kumpa ila maneno. Walipofika zahanati, muuguzi alimpa vidonge viwili, na kilio kikakoma. Tangu hapo, kila akishuka Same sokoni, Koleta alinunua vidonge kama vile, akavisaga na tangawizi kavu. Angesema ni vidonge, nani angevipokea kwa mwanamke asiyejua kusoma hata pakiti ya chumvi? Vya chui walivipokea kwa mikono miwili.

Juzi Hezroni aliteleza na gunia la tangawizi, akabiringika matuta mawili, mguu ukavunjika chini ya goti. Bibi Koleta akamfunga, akamlambisha vijiko viwili.

"Bibi, leo chui wangapi?" Hezroni akauliza, meno ameyauma.

"Tisa. Mmoja kavaa miwani."

Akacheka huku analia, wakambeba hadi zahanati. Kule mguu ulitulia, lakini alianza kujishika tumbo.

"Amekunywa dawa gani?" akauliza Asteria, muuguzi.

"Hajagusa kidonge," akajibu Dorkas, mke wa Hezroni. "Ana vidonda vya tumbo, daktari alimkataza vidonge vyote vya maumivu. Kalamba mizizi ya Bibi tu. Hata mgongo wake, mwaka wa tatu huu, ni mizizi hiyo hiyo kila wiki."

"Kama ni mizizi tu, tumbo litakuwa ni hofu," Asteria akasema, akaugeukia mguu.

Bibi Koleta, aliyekuwa amewafuata, aliyasikia yote. Kila wiki! Yeye ndiye aliyempimia, kwa kijiko kile kile, huku akimchekesha. Chui wote tisa walimjaa mdomoni, kila mmoja anataka kutoka aseme neno la kumwokoa. Akawameza. Akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi ya vidonge iliyobaki.

"Mwanangu, mimi sijui kusoma. Soma wewe. Ndiyo hiyo mizizi."

Asteria akasoma. Uso ukambadilika.

"Kijiko kimoja kina vidonge vingapi? Bibi, usiniongezee wala usinipunguzie."

"Viwili. Leo kalamba vinne."

"Hezroni, choo chako kikoje?"

"Cheusi," akanong'ona Hezroni. "Tangu majuzi."

"Tumbo linavuja damu," Asteria akasema, akakimbilia simu, akaita gari la kumpeleka Same, akamtundikia maji. Dorkas alikuwa bado anaitazama ile karatasi.

"Na chui je, Bibi?"

"Hakuwepo, mama."

"Hata mmoja?"

Bibi Koleta akatikisa kichwa. Angetukanwa angeweza kujibu, maana ulimi anao. Dorkas hakumtukana. Alimrudishia tu ile kanga iliyofunga mguu, ameikunja vizuri.

Gari lilipoondoka Asteria akamwambia, "Umesema mapema, watamwahi. Wengine wanaolamba ni akina nani?"

Akawataja. Walifika kumi na wanne, na safari hii hakuzidisha hata mmoja.

Kesho yake asubuhi alipanda kilima na ile pembe, ameumwaga unga wote. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Loth, mgonjwa wa magoti.

"Shemeji Loth, unga wangu ni vidonge vya dukani. Usilambe tena. Nenda zahanati ukapimwe tumbo."

Loth akacheka mpaka akashika ukuta. "Hii mpya! Haya, na chui aliviuza bei gani?"

Bibi Koleta hakucheka. Alisimama mlangoni, macho chini, akangoja kicheko kiishe, kisha akaanza tena tangu mwanzo.