Funguo Alizonyang'anywa Baba

Harufu ya sponji jipya ikichanganyika na gundi ya mbao hunisimamisha popote nilipo, na mie nimepita kwingi. Nimeuza samaki Mbeya, nimepika kwenye kambi za wachimba dhahabu, nimelala kwenye miji ambayo majina yake nimeshayasahau. Nikiinusa harufu hiyo narudi Chang'ombe, Dar, kwenye karakana ya Baba. Nina miaka kumi, nimekaa juu ya godoro lenye nailoni yake bado, ndani ya basi bovu ambalo Baba analigeuza nyumba.

Baba alikuwa Mngoni, fundi wa bodi za magari. Tangu utoto wake alisimuliwa jinsi babu zetu walivyotoka kusini wakauvuka mto Zambezi, akaapa kuipita njia ile kinyumenyume kabla hajafa. Familia tatu za Kingoni za parokiani kwetu zikakubali kwenda naye. Akatia vitanda, jiko la gesi na pipa la maji juu ya paa. Mama akashona mapazia. Tungevukia mpaka wa Tunduma, tukaone michoro ya kale kwenye mawe ya kaskazini mwa Zambia, kisha mto wenyewe, kisha kuta za mawe za Zimbabwe.

Kulikuwa na abiria mmoja asiye Mngoni: Mzee Kikoti, Mhehe, dereva mstaafu wa malori. Alisema anakuja kutulinda tusipotee njia ya kwetu.

"Ficheni mbwa, Mhehe kafika!" Baba alimpokea.

"Mie nimeshiba, Mngoni. Nyie ndio naona mmepakia mitego ya panya."

Kama nyumbani kwenu hamna watani, niwaeleze kidogo. Babu zetu walipigana vita na wa Wahehe, wajukuu wakarithi matusi: sisi huwaita wala mbwa, wao hutuita wala panya. Mtani akikutukana, hukasiriki. Akikunyang'anya kitu, unacheka. Ukikitaka, unakigomboa kwa chochote, hata soda moja.

Baba hakuruhusu mtu mwingine aguse usukani, na kiti cha pembeni yake kilikuwa changu. "Soma kile kibao," aliniambia kila baada ya muda, "tuone kama chaki ya mwalimu wako haipotei bure." Nikasoma kwa sauti: Mikumi, Makambako, kona kali, punguza mwendo. Nilijiona msomi. Sikujiuliza kwa nini anapomimina chai anatumbukiza ncha ya kidole kikombeni, wala kwa nini Mama, nyuma yetu, anasali rozari mchana kutwa. Ugonjwa wa sukari ulikuwa unamla Baba macho, na alikuwa amemwapisha Mama asimwambie mtu.

Tulifika kwenye yale mawe siku ya nne. Mwenyeji mmoja wa pale akatuonyesha wanyama wa rangi nyekundu waliochorwa na watu wa zamani sana. Baba akasogea, akatikisa kichwa taratibu. "Hawa walikuwa mafundi kwelikweli," akasema.

"Mngoni!" Kikoti akapaza sauti. "Michoro iko huku. Hicho unachokisifia ni mavi ya popo."

Watu wakaangua kicheko, kisha kikakatika ghafla, kila mmoja akimtazama Mama, aliyekuwa ameinamisha uso. Hapo Kikoti akatia mkono kwenye mfuko wa shati la Baba, akachomoa funguo za basi, akazining'iniza juu. "Nimezikamata! Kipofu hawezi kumwendesha Mhehe. Ukizitaka, nigomboe."

Baba akapapasa mfukoni, sarafu zikalia. Akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi. "Sina cha kukugombolea, mla mbwa wewe. Kaa nazo."

Mchana ule Kikoti akaendesha. Baba alilala kitandani nyuma, na mimi nikawekwa nyuma pia, kwa sababu Kikoti hakuhitaji mtu wa kumsomea vibao. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Neno kipofu nililichukulia kuwa tusi tu la watani; niliona mzee mwizi, amemfanya baba yangu kichekesho mbele za watu.

Tulilala kwenye uwanja wa misheni. Asubuhi Kikoti alitundika koti lake mlangoni akaenda bombani kunawa. Nikaingiza mkono kotini. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi na chai yake. Nikamwekea funguo kiganjani.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Gari ni lako, Baba."

Alizipapasa jino baada ya jino. Nilisimama mbele yake nikitabasamu kama niliyeshika namba moja darasani. Akaweka kikombe chini, akasema, "Haya."

Kikoti alikuja mbio, maji yakimchuruzika kidevuni. "Kaka, utani basi. Sasa nakuomba."

"Panda, Mhehe," Baba akajibu, akaniita niketi kwenye kiti changu.

Nilisoma vibao vitatu. Kisha nikamwona kijana anasukuma baiskeli pembeni ya barabara, magunia ya mkaa yamechomoza mpaka kwenye lami. Nilimwona tangu mbali. Sikusema kitu, maana hakikuwa kibao, na niliamini baba anaona kila ninachokiona.

Basi letu likamkumba. Yule kijana alipona, lakini mguu ulikatwa. Baba alikaa mikononi mwa polisi wiki kadhaa, na basi likauzwa kulekule ili kijana atibiwe. Mto hatukuuona. Kikoti aliturudisha Dar kwa mabasi ya abiria, na njia nzima hakutamka hata utani mmoja. Mwaka uliofuata niliacha shule nikawa namshika Baba mkono kumpeleka huku na huku. Kuhusu funguo hakunisema kamwe, hadi tulipomzika.

Mwaka jana nilipita Iringa, nikamtafuta Kikoti. Amezeeka sana. Nikamshika miguu, nikamweleza kwamba aliyezichukua funguo kotini ni mimi.

"Nilikuona toka kule bombani," akasema. "Sabuni ilikuwa mashavuni, haikuwa machoni. Nilidhani baba yako ndiye kakutuma. Nikamwomba mara moja, kisha nikasema, basi, mwenye gari kaamua."

Nimezunguka na maneno hayo tangu siku ile. Baba angeweza kuzigomboa funguo zake palepale kwenye mawe kwa sarafu moja, na hakutaka. Mtani wake alikuwa amempa njia ya kuutua mzigo bila mtu yeyote kumwonea huruma, na alikuwa ameutua, akacheka. Mimi, kwa mapenzi yangu yote, nikamtwisha tena.